Mitungi ya Nyumba ya Bibi

Katika nyumba ya zamani ya mitambo, upande wa reli mjini Tabora, kuna ndoana ukutani isiyotundikwa kitu. Chini yake rangi imebaki na alama ndefu, nyembamba, nyeupe kuliko ukuta wote, mfano wa kovu la mtu aliyewahi kufungwa kamba. Hapo ndipo ilipokaa fimbo ya Dionis Mahona kwa miaka kumi na minane. Siku hizi nyumba hiyo ni ghala la mbolea ya tumbaku. Makuli wanaoingia na magunia hutundika mashati yao kwenye misumari, kwenye mlango, hata kwenye komeo la dirisha, lakini ndoana ile huiacha. Ukiwauliza kwa nini, watasema waliikuta tupu, wakaiacha tupu.

Wazee wa mtaa ule wanasema zamani hapakuwa na kimya cha namna hii. Palikuwa na mvumo. Ulitoka ndani ya nyumba hiyo saa zote, mzito na wa chini, na mama aliyembeba mtoto mwenye homa hakuhitaji kumwimbia, akisogea tu karibu na ukuta mtoto hulala. Mvumo ulikuwa wa mashine iliyoitwa Bibi. Ilipozimwa kwa mara ya mwisho, mwezi wa tatu mwaka 1973, watu walitoka nje wakatazama juu, wakidhani ni mvua iliyokatika.

Dionis alizaliwa Usoke. Babu yake mzaa baba alikuwa mpagazi, mmoja wa wale waliobeba pembe za ndovu za wenyewe kwa njia ya misafara kutoka Unyanyembe hadi pwani, akarudi na bega lililoinama upande na kaniki moja. Baba yake alilima tumbaku. Yeye alisomeshwa na mapadri hadi darasa la sita, na mwaka 1949 akaingia nyumba ya mitambo kufagia chumba cha betri.

Chumba hicho ndicho kilichomlea. Mitungi ya kioo mia mbili na arobaini ilipangwa juu ya mbao, safu juu ya safu, kila mmoja wa kimo cha mtoto wa miaka miwili, na ndani ya kila mmoja mabamba ya madini ya risasi yaliyozama katika tindikali. Mashine za dizeli zilipofanya kazi, umeme uliozidi mahitaji ya mji uliingizwa humo ukatulia. Dizeli zilipopumzishwa, Bibi aliuchota umeme ule kutoka kwenye mitungi, akaugeuza kuwa wa aina inayofaa taa za hospitali na za stesheni. Mtu aliyelala kitandani wodini na balbu juu ya kichwa chake hakujua kwamba mwanga ule ulikaa siku nzima ndani ya vioo kabla ya kumfikia. Dionis alijua, na kule kujua kulimfanya atembee wima.

Msimamizi wa wakati huo, Mzungu mkimya mwenye kikohozi, alimfundisha mambo mawili. La kwanza lilikuwa fimbo. Ilikuwa ya shaba, yenye kulabu nchani na mpini wa mninga, na mkia wake wa waya uliunganishwa na chuma kilichozikwa ardhini. Bibi akizimwa, hakuna aliyeruhusiwa kumgusa mpaka fimbo imguse kwanza, kwa sababu makopo yaliyo tumboni mwake huweka umeme hata mashine ikiwa imelala. Vijana wa kazi waliligeuza jambo hilo kuwa desturi yao. Mwenye fimbo alisogea, akainyoosha, akasema, "Shikamoo, Bibi." Cheche ikiruka kwa mlio, wote waliitikia, "Marahaba!" na kurudi nyuma hatua tatu. Salamu ilirudiwa mpaka Bibi anyamaze. Akinyamaza mara tatu, ndipo mkono wa mtu uliingia.

La pili lilikuwa ufizi. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi, wafanyakazi wa chumba cha betri walisimama mstari mmoja, na msimamizi akawapandisha mdomo wa juu mmoja mmoja kwa kidole gumba. Risasi ikimwingia mtu, alieleza, huchora mstari wa buluu pale jino linapokutana na nyama. Aliyeonekana na mstari alitolewa nje kukata majani ya ua kwa miezi miwili na kunyweshwa maziwa. Asiyetolewa mapema mkono wake ulilegea kwenye kifundo, ukaning'inia.

Mzungu aliondoka mwaka mmoja baada ya uhuru. Dionis, ambaye kwa miaka sita alikuwa tayari mnyapara na mwenye fimbo, akafanywa fundi mkuu, na hakuacha hata Jumatatu moja.

"Fundi anatupima meno kama mbuzi wa mnadani," walimtania. "Leo utanunua wangapi?"

"Wewe sikununui," alijibu, huku kidole kikiwa mdomoni mwa mtu. "Una meno ya kula mshahara wote siku moja. Mwingine!"

Katika miaka yake yote hakuzika mfanyakazi, na hilo ndilo alilojivunia. Mkewe alifariki akiwaacha yeye na binti mmoja, Koleta, na hata huyo alimlea kwa sheria za nyumba ya mitambo. Usiguse ambacho hakijasalimiwa, alimwambia. Subiri mara tatu.

Mwaka ule wa 1973 shirika lilileta mitambo mipya, ikajengwa upande mwingine wa mji. Barua ilifika kwamba Bibi na chumba chake vivunjwe, risasi irudishwe Dar es Salaam kwa treni ikayeyushwe kuwa betri mpya, shaba ifungwe peke yake, na vyuma vikuukuu viuzwe kwa mnunuzi. Dionis aliisoma akiwa amesimama. Kisha akachagua watu wanane, akawaambia kazi ya wiki sita wataifanya kwa miezi minane.

Walimfungua Bibi jinsi mtu anavyomwosha maiti, kiungo kwa kiungo. Kila asubuhi fimbo ilitangulia, ingawa hapakuwa na umeme tena, na siku ya nne kopo moja la tumboni lililosahauliwa liliitikia kwa cheche ndefu kama kidole. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Mafuta ya ndani ya makopo waliyamimina kwenye mapipa, na Dionis, akijua kwamba mafuta yoyote yanayong'aa mjini Tabora yataishia kwenye kikaango au kwenye nywele za mtu, aliyachanganya na mafuta ya taa na majivu mpaka yakanuka vibaya, ndipo akayafukia. Tindikali waliitia magadi kidogo kidogo mpaka ikaacha kuchemka. Mabamba ya risasi waliyang'oa yakiwa na maji, ili vumbi lisipande. Jumatatu waliangaliwa ufizi, na kila siku walikunywa maziwa. Ilipofika mwezi wa kumi na moja, watu wanane waliingia na watu wanane wakatoka.

Ikabaki mitungi. Mingine ilikuwa imepasuka, lakini mia moja themanini na sita ilikuwa mizima, na ilipooshwa na kupangwa uani ikipigwa na jua, ua mzima ulijaa mwanga.

Mnunuzi wa vyuma alikuwa Bwana Fakhrudin, ambaye duka lake la misumari na rangi lilikuwa karibu na soko. Alifika na lori lake, akapakiza vyuma, kisha akasimama mbele ya mitungi bila kuigusa.

"Fundi," alisema, "hii vunja."

"Nivunje kwa sababu gani?"

"Vunja, chimba shimo, zika. Mimi sitaki hata mmoja, hata bure."

"Imeoshwa mara tatu kwa magadi, Bwana Fakhrudin. Tazama. Unaona mpaka upande wa pili."

"Naona. Mama yangu pia aliona." Fakhrudin alivua kofia yake akaipangusa bila sababu. "Fatmabai, Mungu amrehemu. Wakati wa vita alipewa mmoja kama huu, umetoka kwenye betri za simu. Akaosha, akatia achari ya ndimu. Tulikuwa watoto wanne. Tulikula mwaka mzima. Tumebaki wawili."

Dionis alikuwa mtu wa adabu, lakini watu wake wanane walikuwa wakisikiliza, na miezi ile redio ilizungumza kila siku juu ya wanyonyaji.

"Achari yenu ile, Bwana Fakhrudin," alisema, "inaua hata ikiwekwa kwenye sufuria mpya."

Wale wanane waliangua kicheko. Mmoja alipiga goti chini.

"Cheka, fundi," Fakhrudin alisema polepole. "Cheka, lakini vunja."

"Umepata chuma, hukuridhika. Sasa mali hii ambayo hukuigusa, unataka isiguswe na mtu yeyote."

Fakhrudin alivaa kofia yake, akapanda lori, akaenda zake. Na Dionis, ambaye hakuwahi kugusa waya kabla ya kuusalimia, hakulifikiria neno lile hata mara moja zaidi. Lilitoka katika kinywa ambacho alikuwa ameamua mapema kutokisikiliza.

Katikati ya mwaka uliofuata watu wa vitongoji vya njia ya Sikonge walihamishiwa kijiji cha ujamaa cha Ibelambula. Koleta alikuwa miongoni mwao, na mumewe, mrina asali, na mtoto wao Leonia aliyekuwa bado mgongoni. Katibu wa kijiji, kijana mmoja mwepesi wa maneno aitwaye Lugembe, aliamua kwamba asali yote ya kijiji itakusanywa ghala moja. Hakutaka kusikia habari za vilindo, yale makasha ya magome ambayo Wanyamwezi wameweka asali tangu zamani. Alitaka chombo cha kisasa, ambacho mgeni akisimama mlangoni ataiona asali ndani yake. Koleta alimwambia, "Baba yangu anavyo."

Hapakuwa na siku iliyompendeza Dionis kama ile aliyoitwa na shirika akaambiwa, sawa, mitungi wape wanakijiji, na wewe fundi unayestaafu, chukua fimbo yako ukumbuke kazi. Aliiosha mitungi kwa mara ya nne, kwa maji ya mvua. Alichovya kidole katika maji ya mwisho ya kila mmoja akakilamba, kwa maana tindikali ikibaki ulimi huijua. Hapakuwa na uchachu. Katika baadhi yake alisikia kautamu kadogo sana, akadhani ni magadi. Mitungi haikuwa na vifuniko, basi akachukua karatasi nene za risasi zilizokuwa zimetandikwa sakafuni mwa chumba cha betri, akazikata duara, akazigonga kwa nyundo ya mbao mpaka kila kifuniko kikakaa shingoni pa mtungi wake bila kucheza. Kazi hiyo ilimchukua wiki tano na hakulipwa. Risasi haishiki kutu, aliwaambia, na panya haitoboi.

Asali ya Ibelambula ikapata jina. Walioionja walisema ina utamu ambao asali ya vilindo haikuwa nao. Wageni walikuja na magari kuitazama, nyeusi ya msimu wa kiangazi na nyeupe ya msimu wa vuli, imesimama safu juu ya safu kama ilivyosimama tindikali zamani. Lugembe alisoma risala ya kumshukuru Ndugu Dionis Mahona, na Dionis, kwenye benchi la mbele, alitazama viatu vyake.

Januari mwaka 1976 alipanda baiskeli kwenda kumwona mjukuu wake. Barabara ilikuwa tope jekundu, na fimbo ilikuwa imefungwa kwenye mtaimbo wa baiskeli, kwa kuwa tangu astaafu hakuwahi kuiacha peke yake nyumbani. Alimkuta Koleta amekaa kwenye kizingiti, na Leonia amelala kwenye khanga miguuni pake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mbona hanikimbilii?"

"Ameacha kutembea." Koleta alizungumza bila kunyanyua macho. "Alikuwa anatembea, baba, ulimwona. Tumbo linambana, anapauka, siku mbili hizi anakakamaa. Mganga wa zahanati amempa dawa ya malaria mara tatu. Hali kitu. Kama si uji wa asali angekwisha kufa."

Dionis alipiga magoti kwenye udongo. Mtoto alifungua macho akamtambua, akasema, "Guku," yaani babu, akajaribu kumnyooshea mkono. Mkono ulipanda mpaka kwenye kifundo. Kiganja hakikupanda. Kilining'inia.

Aliinamisha kichwa. Koleta akafikiri anasali. Kisha kidole gumba chake, ambacho kwa miaka zaidi ya kumi hakikuhitaji kuamrishwa, kilikwenda chenyewe kwenye mdomo wa mtoto, kikaupandisha. Kando ya meno yale madogo ya mbele, pale jino linapokutana na nyama, palikuwa na mstari wa buluu, mwembamba, ulionyooka, kama uliochorwa kwa kalamu na mtu mwenye mkono mtulivu.

"Nini, baba?"

"Usimpe asali tena. Wewe pia usile. Mtu yeyote asile."

"Asali ina nini?"

"Si asali. Ni mitungi."

Koleta alimtazama. "Ulituambia ni safi," alisema.

Dionis alimwagiza atafute maziwa popote yalipo, akaenda ofisi ya kijiji karibu akikimbia.

Lugembe alikuwa mezani akiandika orodha ya watakaowapokea wageni wa Alhamisi. Alifurahi kumwona. Dionis alimweleza yote akiwa amesimama, risasi, ufizi, vifuniko, utamu ule aliodhani ni wa magadi, na Lugembe alimsikiliza na tabasamu lililokuwa likififia kidogo kidogo.

"Mzee Dionis. Risala yako niliisoma mimi mwenyewe."

"Niliwapa sumu, katibu."

"Ulitupa mitungi. Tunakula mwaka wa pili sasa. Kijiji kizima kingekuwa kimekwisha."

"Haimalizi mtu kwa siku moja. Inakaa. Kama umeme kwenye kopo."

"Basi mbona wewe mwenyewe fundi hukuiona?"

"Sikuiona," Dionis alisema.

"Mkuu wa wilaya anakuja Alhamisi kuiona asali hiyo. Nimwoneshe nini? Vilindo vya bibi yangu?"

"Mwoneshe watoto."

Lugembe akainamisha kichwa kuendelea kuandika, na hapo ndipo Dionis alipogundua kwamba anaandika kwa mkono wa kushoto, vibaya, herufi kubwa kubwa kama za mtoto wa shule. Wa kulia ulikuwa umelazwa mapajani.

"Mkono umefanya nini?"

"Nimeulalia."

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi. Mzee, nina kazi."

"Fungua mdomo nikuangalie."

"Mimi si mbuzi wako!" Lugembe alisimama, na mkono ule wa kulia ukaanguka kando ya mwili wake, kiganja kikitazama nyuma. Wote wawili waliutazama. Kisha Lugembe akautia mfukoni kwa kuusaidia na ule wa kushoto. "Mjukuu wako anaumwa, nakupa pole," alisema kwa sauti ya chini. "Lori la tumbaku linapita kesho kwenda mjini. Mpakie. Maneno ya mitungi yaache mpaka Ijumaa."

Leonia alikufa kesho yake saa nne asubuhi, barabarani, wakimsubiri dereva aliyekuwa amekwama kwenye tope maili tatu nyuma. Alikuwa mikononi mwa babu yake. Walimzika jioni ileile, na mvua ikaanza kabla kaburi halijajaa.

Siku ya pili ya msiba watu walikaa uwanjani kwa mama mkwe wa Koleta, Bi Apolinaria, mwanamke mwenye mwili na sauti, ambaye hakuna aliyewahi kutoka kwake na njaa. Dionis alikaa upande wa wanaume. Aliwaona wanawake wanasonga uji wa waombolezaji katika sufuria kubwa, na watoto wa kijiji, labda thelathini, wamechuchumaa na vikombe vyao wakisubiri. Kisha akamwona Bi Apolinaria anatoka nyumbani amekumbatia mtungi uliobaki na asali kidogo, mmoja wa ile iliyogawanywa majumbani.

Alinyanyuka akamfuata.

"Mkwe, nakuomba. Usitie hiyo."

"Mkwe wangu, kaa. Una uchungu, kaa."

"Ndiyo iliyomuua Leonia."

"Leonia ameuawa na Mungu aliyempa." Machozi yalimtoka lakini mikono haikusimama. Alikunja kifuniko cha risasi kwa vidole, akakiinua. "Siwezi kuwapa watoto wa watu uji mkavu kwenye msiba wa mjukuu wangu. Nitasemwa mpaka nife."

Akamimina.

Dionis aliiendea baiskeli yake, akaifungua fimbo. Ghala lilikuwa hatua hamsini, mlango wake umefungwa kwa kijiti tu, kwa maana kijijini kile hapakuwa na mwizi. Aliingia. Mitungi ilikuwa imesimama safu juu ya safu, kama alivyoizoea, na mwanga wa mlangoni ulipita ndani yake ukageuka wa dhahabu. Kwa mazoea alinyoosha fimbo mpaka ikaugusa mtungi wa kwanza, akasubiri. Hakuna kilichoitikia. Ndipo akaanza kuvunja.

Alivunja kwa mpango, kutoka kushoto, safu ya chini kabla ya ya juu ili ya juu iangukie pale pale. Asali haikuruka kama maji. Ilitoka taratibu, ikabeba vigae vya kioo, ikapita juu ya viatu vyake, ikafika kizingitini na kutoka nje kwenye jua. Alikuwa amevunja tisini na kitu alipogeuka kupumua, akaona mlango umejaa watoto.

Walikuwa wamefuata kelele, wakakuta asali inatembea ardhini. Walipiga magoti. Walichota kwa viganja, kwa vikombe vya msiba, kwa majani, wengine waliinama wakailamba kwenye tope, na aliyekatwa na kioo alinyonya kidole, damu na asali pamoja, akachota tena.

"Msilambe!" Dionis alipiga kelele. "Tokeni! Msilambe!"

Walicheka. Mzee mwenye fimbo, amelowa asali mpaka magotini, anafukuza watu kwenye utamu. Hawakuwa wamewahi kuona kitu cha kuchekesha kama hicho. Alimshika mmoja mkono akamvuta, na akina mama waliokuja mbio waliona tu mtu mzima anamvuta mtoto kwenye vigae. Wanaume walimkamata. Mpaka anaangushwa chini alikuwa akiwahesabu watoto, na hakufika mwisho.

Mahakama mjini Tabora ilikaa siku moja. Kosa lilikuwa kuharibu mali ya kijiji. Lugembe alitoa ushahidi kwa uaminifu, akasema mzee alikuwa amechanganyikiwa kwa kufiwa, akaomba apunguziwe. Aliapa kwa mkono wa kushoto, hakimu akamkaripia. Nyuma ya chumba Bwana Fakhrudin alisimama akasema ana neno kuhusu mitungi ile. Aliulizwa yeye ni nani katika kesi. Akasema si mtu yeyote. Akaambiwa aketi. Dionis alipewa miezi kumi na minane, na fimbo ikaandikwa kidhibiti namba moja, ikapelekwa stoo, haikurudi.

Koleta hakuja mahakamani. Hakuja gerezani pia. Aliyekuja ni Fakhrudin, Jumapili ya tatu, na chupa ya maziwa aliyoifunga kwa gazeti.

"Kunywa, fundi."

"Maziwa hayafai kitu sasa."

"Najua. Kunywa."

Dionis alikunywa. Askari alikuwa kando yao akichokonoa meno kwa kijiti.

"Ulisema mlibaki wawili," Dionis alisema. "Wewe, na nani?"

"Dada yangu, Parin. Yuko nyumbani."

"Sijawahi kumwona dukani."

"Hatoki. Ana miaka arobaini na mbili. Asubuhi namfunga vifungo vya gauni, jioni namfungua." Fakhrudin alikunja gazeti likawa dogo, kisha dogo zaidi. "Siku ile ningekuambia hilo. Nilianza na habari ya achari, mkacheka, nikaona aibu kulitaja jina lake mbele ya watu."

Fakhrudin aliendelea kuja kila Jumapili, na kila Jumapili walikaa hivyo hivyo, chupa katikati.

Mitungi ambayo Dionis hakuifikia, pamoja na ile iliyokuwa imegawanywa majumbani, ilibaki Ibelambula. Msimu wa Juni ulipofika warina asali walirudi kutoka porini, na kwa kuwa hapakuwa na vyombo vingine, na mafundi wa kuchuna magome ya vilindo walikuwa wameachwa kwenye vitongoji vya zamani au wamekufa, waliijaza. Vifuniko vilikuwa bado vinakaa vizuri. Koleta alijifungua mtoto mwingine mwaka uliofuata, na waliopita huko wanasema ni mtoto mtulivu mno, anakaa pale anapowekwa. Na ile risasi iliyokwenda Dar es Salaam kwa treni iliyeyushwa kama ilivyokusudiwa, ikawa betri mpya za malori. Sehemu hiyo ya kazi ilikwenda sawasawa na barua.

Dionis alitoka gerezani akiwa amebaki na mwezi mmoja wa kifungo, aliosamehewa kwa sikukuu. Hakwenda Ibelambula, kwani alipeleka ujumbe mara mbili na mara mbili haukujibiwa. Hakurudi Usoke. Alipanda treni ya kwenda mashariki akashuka kituo kidogo cha Tura, akaomba kazi ya kuangalia taa za ishara, za mafuta ya taa, zisizo na waya wala betri.

Dionis Mahona yuko Tura. Anaishi katika chumba cha tatu kutoka kwenye tangi la maji la stesheni, na hatumii sukari wala asali kwenye chai yake.